Kiti cha Nyuma

Kalamu ilimdondoka Dada Ramani, ikabingirika mpaka chini ya meza.

Hapo ndipo tulipomwacha, wasomaji wangu, na najua wengine mmekasirika wiki nzima. Basi tusipoteze muda. Mpangaji safari hodari kuliko wote katika ofisi ile amekaa kwenye kiti chake. Mbele yake yuko mteja mpya, binti mrembo mwenye pete mpya kidoleni, ambaye ofisi nzima ilikwisha mbatiza Bibi Harusi. Na kwenye simu ya Bibi Harusi iko ramani ya likizo ya wiki tatu ughaibuni, kwa gari, mji kwa mji.

Ramani hiyo Dada Ramani aliitambua kama anavyoitambua sauti ya mwanawe.

Aliichora yeye.

Aliichora kwa pini za rangi, ukutani juu ya kitanda, enzi zile akiwa bado mke wa mtu.

"Dada, mbona umenyamaza?" aliuliza Bibi Harusi. "Ramani mbaya?"

Dada Ramani aliinama kutafuta kalamu. Alikaa huko chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu ile ilivyostahili. Alipoinuka, alikuwa amevaa tabasamu la kazini.

"Nzuri mno. Nani kakuchorea?"

"Mchumba wangu!" Bibi Harusi akajishika kifua. "Mwenyewe, kwa akili yake. Eti alikaa akawaza, huyu mwanamke nimpe nini ambacho hajawahi kupewa na mwanamume yeyote."

"Ana mawazo huyo."

"Acha tu! Tazama. Tunaanzia hapa penye mnara wa taa. Kisha tunapita hapa kwenye kijiji cha watengeneza vioo. Wanapuliza kioo cha moto kama mtu anayepuliza puto. Anasema tangu utotoni mwake anatamani kukiona kijiji hicho."

Tangu utotoni! Jamani. Siku mkewe alipochoma pini pale kijijini, mwanamume huyo alicheka mpaka akajishika mbavu. "Nani anapanda ndege kwenda kutazama chupa?" alimwuliza. Leo chupa hizo hizo zimehamia utotoni mwake.

"Na hapa kwenye ziwa tutalala," Bibi Harusi aliendelea, "kwa sababu anasema maji yasiyo na mawimbi yanamtuliza moyo."

Hayo nayo yalikuwa maneno ya Dada Ramani. Aliyasema akiwa mjamzito, miguu imevimba, kichwa kimelala kwenye mkono wa mtu aliyemwamini.

Mtu huyo alipoondoka alibeba nguo zake, redio na pasi. Pini hakuzigusa. Kumbe alikuwa amezipiga picha!

Na hakuondoka kimya. Alisimama mlangoni, dada yake mkubwa kando yake akitikisa kichwa kama mshenga, akamwambia mkewe mwenye mtoto mgongoni: "Mwanamke asiyeijua dunia, utamtembeza wapi duniani?" Wifi yule akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichompeleka Dada Ramani madarasa ya jioni, mtoto amelala kwenye mkeka nyuma ya dawati, yeye akikariri miji mikuu, viwanja vya ndege na sheria za barabara za nchi ambazo hajazikanyaga. Leo hakuna mtu mjini anayeijua dunia kama yeye.

Na leo dunia imeletwa mezani kwake na mwanamke mwingine.

Bibi Harusi aliomba kwenda msalani. Mlango ulipofungwa tu, Mkata Tiketi, mama mnene wa meza ya pili ambaye masikio yake hayajawahi kwenda likizo, alijisukuma na kiti chake chenye magurudumu mpaka kwa mwenzake.

"Shoga, una nini? Umekuwa kama umeona jini."

"Si jini. Ni baba watoto wangu."

"Una watoto wangapi wewe? Si Kidoti peke yake?"

"Basi baba Kidoti. Ndiye anayemwoa huyu."

Mkata Tiketi aliziba mdomo kwa viganja viwili. "Toba! Na wewe ndiye unayewapangia fungate?"

"Mimi."

"Anajua kwamba uko hapa?"

"Anajua nashona kola za sare kwenye kile kibanda alichoniacha nacho. Hajawahi kuuliza kingine."

"Mwambie Bosi akutoe kwenye safari hii, mpenzi. Utajichoma."

"Nitoke?" Macho ya Dada Ramani yaling'aa kwa namna ambayo Mkata Tiketi hakuwahi kuiona. "Shoga, hapa sitoki hata kwa winchi. Unajua mtu yule anaogopa nini?"

"Mwenye duka."

"Madaraja. Kuna daraja la waenda kwa miguu karibu na kituo. Siku moja nilimwona kwa macho yangu akilivuka kwa magoti na viganja. Watu wakimwuliza, anasema anatafuta kifungo cha shati."

Mkata Tiketi alicheka mpaka kiti kikarudi nyuma chenyewe.

"Na kona," Dada Ramani aliendelea taratibu, kama anayeonja. "Kona mbili tatu, anatapika. Akitapika, anamlaumu aliye karibu. Akiwa na njaa, hana adabu. Akikosa usingizi wa mchana, anatukana. Na ukimwonyesha njia akiwa kwenye usukani, anasimamisha gari katikati ya barabara na kukwambia ushuke uendeshe wewe."

"Kumbe alikuwa mume au adhabu?"

"Mimi nimekwisha itumikia. Sasa nataka na wao waonje. Wiki tatu, gari moja, madirisha yamefungwa. Shoga, pete ile haifiki mwisho wa safari."

"Mwekee na daraja la kamba."

"Nina zuri zaidi."

Bibi Harusi aliporudi, alikuta mpangaji wake amechangamka kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mtamu.

"Dada yangu, barabara hii ya bondeni aliyokuchorea mchumba wako inatengenezwa," alisema Dada Ramani.

Uongo mtupu! Barabara ya bondeni ilikuwa imenyooka na kulainika kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Inatengenezwa?" Bibi Harusi alimtazama kidogo zaidi ya kawaida.

"Vumbi na mawe. Nitawapitisha milimani. Kule kuna mandhari."

"Kuna kona?"

"Za hapa na pale."

"Na hapa katikati, huu mstari ni nini?"

"Daraja. La kioo. Ukiinama, unaona mto chini ya nyayo zako."

"Atalipenda," alisema Bibi Harusi. Kitu kidogo kilipita kwenye kona ya mdomo wake, kikapotea kabla Dada Ramani hajakisoma.

Basi mkono ukashika kasi. Gari kubwa likawa gari dogo, la kumfanya dereva agonge magoti yake kwenye dashibodi. Hoteli ya ziwani ikawa nyumba ya wageni yenye vitanda vya mtu mmoja mmoja, vimefungwa sakafuni kwa skrubu, kimoja ukuta huu na kingine ukuta ule. Migahawa ikarukwa. Saa za usingizi wa mchana zikaangukia palepale kwenye kona kali kuliko zote. Kila alipobonyeza kitufe, Dada Ramani alihisi kicheko cha wifi kikizimika kidogo masikioni mwake.

Jioni ile Bosi alipitia kazi, akasifu, akaituma kwa mawakala wa ughaibuni. Asubuhi jibu likarudi: imefungwa. Katika ofisi ile safari ikishafungwa, hakuna wa kuifungua, hata mwenye ofisi.

Dada Ramani akala chakula cha mchana kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu aachwe.

Alhamisi ikafika. Siku ya viti.

Nawaeleza wageni wa hadithi hii. Bosi wa ofisi ile ni mama mwenye misimamo yake, na msimamo mkubwa kuliko yote ni huu: hakuna mteja anayepewa tikiti kabla hajaikalia safari yake. Kuna chumba cha pembeni, zamani kilikuwa stoo, komeo lake bado liko upande wa nje. Humo, kando ya meza ndogo, hupangwa viti kama viti vya gari, dereva mbele, abiria kando. Wateja hukaa humo, mpangaji akawasomea barabara, nao wakajifanya wanasafiri. Nani ataendesha? Nani atashika ramani? Nani ataomba dirisha lifunguliwe? Watu wazima wenye vitambi na shahada zao hushika usukani wa hewa na kugombana kweli kweli. Wengi huondoka wakicheka. Wapo waliowahi kuondoka kila mmoja na njia yake.

Bibi Harusi alikuja peke yake.

"Mchumba yuko njiani," alisema. "Tuanze tu. Kaa wewe mahali pake."

Ndivyo Dada Ramani alivyojikuta kwenye kiti cha mumewe wa zamani, mikono hewani, mchumba wa mumewe wa zamani kushoto kwake.

"Tunaanza kupanda mlima," alisema. "Kona ya kulia."

Wote wawili wakalalia kulia.

"Kona ya kushoto. Kali."

Wakalalia kushoto.

"Hapa ndipo atakaponiambia ninamchanganya," alisema Bibi Harusi.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu. Endesha, laazizi."

Dada Ramani alitaka kucheka, akajizuia. Alianza kumpenda kidogo binti huyu, na jambo hilo likamuudhi. "Kona ya kulia tena. Chini kuna bonde. Usitazame."

"Ngoja kwanza," Bibi Harusi akainuka. "Tumesahau kitu."

Alikwenda pembeni, akachukua kigoda kidogo cha kupandia kabati. Akakiweka nyuma ya viti vyao, katikati. Akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Cha nini hicho?" aliuliza Dada Ramani.

"Cha mtoto."

 Msomaji, Dada Ramani alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Mtoto gani?"

"Wa mchumba wangu. Ana binti. Tunakwenda naye. Ana kidoti kidevuni, basi ndilo jina lake la nyumbani."

Asubuhi ile ile Dada Ramani alikuwa amemsuka nywele mtoto huyo. Amegombana naye kwa sababu ya soksi, kwa kuwa mmoja anataka za mistari na mwingine anasema sare ni nyeupe. Amempiga busu hapo hapo kwenye kidoti, kisha wakaagana langoni kwa shule. Jumamosi ni siku ya baba yake kumchukua. Na safari inaanza Jumamosi.

Kona zile alizozichagua moja moja kwa raha zake sasa zilikuwa zinampitisha mwanawe. Ukingo ule usio na reli. Daraja lile la kioo. Gari lile dogo, lenye dereva aliyetapika, mwenye njaa, mwenye hasira, na nyuma yake mtoto wa soksi za mistari.

"Mnarudi lini?" sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Tikiti za kurudi mlisema mtakata wenyewe."

"Haturudi, dada. Gari tunaliachia huko huko. Kapata kazi. Mtoto ataanza shule huko."

"Na mama yake?"

Bibi Harusi alimtazama usoni. Hakupepesa.

"Anasema mama yake alimtupa. Alimwacha mlangoni kama mfuko wa taka, akaenda zake, hajarudi kumtazama."

Damu ilimpanda Dada Ramani mpaka masikio yakavuma. Alifungua mdomo. Neno lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi.

Mlango ukafunguliwa.

"Huyu hapa dereva wenu!" ilikuwa sauti ya Bosi, imejaa furaha. "Ingia, baba, ingia. Na kama kawaida yetu, vyote mezani! Pasipoti, leseni, miwani, funguo, simu. Kisichopo mezani leo ndicho kitakachosahaulika Jumamosi."

Dada Ramani alikuwa ameupa mlango mgongo. Alisikia viatu. Alisikia vitu vikiwekwa juu ya meza kimoja kimoja. Alisikia harufu ya mafuta ya ndevu ambayo aliyanunua yeye zamani kwa pesa ya kola.

Simu ya mezani kwa Bosi ikalia, naye akatoka mbio.

"Mpenzi," alisema Bibi Harusi, "msalimie dada yetu. Alikuwa anaendesha badala yako."

Dada Ramani akageuza shingo.

Uso wa Baba Kidoti ulibadilika rangi, ukarudi, ukabadilika tena. Lakini yule ni mtu wa kuanguka kwa miguu kama paka. Alitabasamu.

"Tumewahi kuonana, dada?"

"Labda. Sisi tunaoijua dunia tunaonana na watu wengi."

Tabasamu likapungua upana.

"Naona ofisi imekupa kiti," alisema.

"Nilikaa mwenyewe. Njoo, mahali pako ni hapa. Nimekuwekea daraja zuri, utatafuta vifungo mpaka uchoke."

"Vifungo gani?" aliuliza Bibi Harusi kwa upole.

"Mzaha wa kazini," Baba Kidoti aliwahi kujibu. Akaja karibu, akainama kana kwamba anatazama ramani, akamnong'oneza Dada Ramani sikioni: "Fungua mdomo uone. Jumamosi ni siku yangu kisheria. Utampungia mkono mwanao, utarudi kwenye cherehani zako."

Dada Ramani aliinuka polepole, akasogea mezani kama anayekagua vitu, ndiyo kazi yake. Leseni. Miwani. Funguo. Pasipoti moja, mbili, tatu. Ya tatu ilikuwa mpya, bado inanuka gundi. Akaifungua. Kidoti alikuwa anamtazama kutoka kwenye picha, amekaza uso kama alivyoambiwa asicheke.

Akaifunga. Akaitia ndani ya blauzi.

Mkono wa Baba Kidoti ukamkamata kifundo cha mkono.

"Rudisha."

"Ichukue," alisema Dada Ramani. "Tia mkono uichukue, mbele ya mchumba wako. Nataka aone."

"Rudisha, nakwambia!"

"Mwanangu hauzwi! Hatembezwi! Hapandishwi ndege kama mzigo usio na mwenyewe!" Alimgeukia Bibi Harusi, machozi na hasira vimemjaa pamoja. "Mimi ndiye niliyemtupa mtoto, umesikia? Ndiye mimi! Nimemtupa leo asubuhi langoni kwa shule, nywele nimemsuka, na kesho nitamtupa tena, na keshokutwa, mpaka awe mkubwa anitupe yeye!"

Alingoja binti yule apige ukelele. Azimie. Amrukie.

Bibi Harusi alikuwa amekaa vile vile kwenye kiti cha abiria, miguu imekunjwa, mikono magotini.

"Mwachie mkono," alimwambia mchumba wake.

"Huyu mwanamke kichaa, usimsikilize."

"Nimesema mwachie. Najua ni nani."

Baba Kidoti akauachia mkono.

"Kidoti aliniambia," Bibi Harusi alisema. "Jumamosi ile ulipotuacha tumekaa, ukaenda kupiga simu zako. Nikamwuliza, mama yako yuko wapi? Akasema yuko kazini. Kazi gani? Akasema, anafanya kazi kwenye ofisi ya viti, ambako watu wakubwa wanacheza gari." Akamgeukia Dada Ramani. "Ofisi ya namna hiyo mjini hapa ni moja tu. Nikaona nije nimtazame kwa macho yangu mama aliyemtupa mtoto."

"Kwa nini hukusema?" Dada Ramani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilitaka kuona kwanza. Nikaweka ramani mezani, ukaangusha kalamu. Ukaniambia barabara ya bondeni inatengenezwa. Nilipiga simu huko, dada. Haitengenezwi. Nikasema, huyu hajatupa kitu. Huyu ameibiwa." Akainuka, akavua pete. Haikutoka upesi, aliipaka mate, akaivuta, akaiweka mezani kando ya miwani. "Wewe una kisasi chako, na mimi nimepata changu. Mwanamume huyu alinipa zawadi iliyochorwa na mwanamke mwingine, na mtoto aliyeibwa kwa mwanamke huyo huyo. Hata uongo wake si mpya!"

Ungekuwa ni wewe, msomaji, ungesema amekwisha. Pasipoti imekwenda, mchumba amekwenda, pete inang'aa mezani bila kidole. Dada Ramani mwenyewe aliamini hivyo. Alihisi utamu ukimpanda kooni, utamu aliousubiri tangu siku ile ya mlangoni.

Baba Kidoti alivuta kigoda kidogo cha mtoto. Akakikalia, magoti yamefika kifuani. Akaanza kucheka.

"Mmemaliza? Mmeongea vizuri. Kama mashahidi." Akajifuta jicho. "Sasa na mimi niwaulize. Mlidhani ninangoja Jumamosi? Mke wangu wa zamani namjua, na mchumba wangu tangu juzi ananitazama kama daktari. Mimi si mjinga." Akamtazama Dada Ramani. "Kabla sijaja hapa nilipitia shuleni. Nikamchukua. Mwalimu akaniuliza, leo si Jumamosi? Nikasema, mama yake anaumwa. Sasa hivi yuko na shangazi yake. Tena ameuliza kama soksi za mistari zinaruhusiwa safarini."

Dada Ramani hakupiga kelele. Kelele ingekuja baadaye. Mkono wake ulitangulia akili, ukazoa funguo za gari juu ya meza. Mkono wa pili ukamshika Bibi Harusi.

"Toka!"

Walitoka kama waliopulizwa. Dada Ramani akaubamiza mlango wa iliyokuwa stoo, akasukuma komeo. Chuma kikaingia kwenye chuma.

"Nyumba ya dada yake unaijua?" aliuliza, anahema.

"Naijua. Amehama. Kanipeleka mara moja."

"Wewe unapajua, mimi najua njia za mkato. Funguo ninazo, pasipoti ninayo, yeye yumo ndani. Hana kitu! Hana kitu chochote yule!"

"Dada."

"Twende, unangoja nini?"

Bibi Harusi hakusogea. Alikuwa amegeuka, anautazama mlango. Uso umemwisha damu.

"Dada," alisema tena. "Simu yake umeichukua?"

Dada Ramani alifumbua kiganja. Funguo tu.

Wakasikiliza. Mle ndani hakuna aliyegonga mlango. Hakuna aliyelitikisa komeo. Kulikuwa na sauti moja tulivu, ya mtu aliyeketi vizuri.

"Haloo, dada? Usiningoje. Pasipoti achana nayo, pita ile njia ya msituni ya kuvukia mpaka, kule hawaulizi kitu. Mfunge mtoto mkanda, uondoke naye sasa hivi."